Maswali ya Wasomaji: Nyumba ya Zamani Ianziwe Wapi?

Barua nilizopokea msimu huu zimetoka sehemu mbalimbali, lakini nyingi zinauliza jambo moja: nyumba imechoka, fedha ni chache, fundi yuko mlangoni na nyundo yake, kazi ianzie wapi na iishie wapi? Nimechagua nne. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa sababu ndani yake mna karibu matatizo yote ya nyumba za umri wake.

SWALI: Ndugu Mhandisi, nyumba aliyotuachia marehemu baba ipo Tanga, maeneo ya Ngamiani. Ilijengwa mwaka 1974 kwa matofali ya saruji ikaezekwa kwa asbesto, ina vyumba vinne na sebule, na tunaishi humo watu saba. Kuta zimechubuka rangi kutoka chini hadi urefu wa goti. Ukuta wa jikoni una ufa unaopanda kwa mshazari kutoka kwenye kona ya dirisha, na mvua ikinyesha tunakinga ndoo katika chumba cha wageni. Fundi tuliyemwita ameshauri tuanze na vigae vya sebuleni na madirisha ya alminiamu, kisha tupige rangi, na mengine tutayakuta huko mbele. Fedha tulizo nazo hazitoshi kwa kazi yote. Je, tumfuate? Na tunaweza kuendelea kuishi humo wakati wa kazi?
Msomaji, Tanga

JIBU: Ndugu yangu wa Tanga, Mungu amrehemu mzee. Msimfuate fundi huyo kwa mpangilio alioutoa, hata kama mkono wake ni mzuri, kwa sababu ameanza mwisho. Ukarabati ni kazi ya kufunika: lipu hufunika waya na mabomba, rangi hufunika lipu, kigae hufunika jamvi la zege la sakafu, na dari hufunika kenchi, yaani mbao zinazobeba paa. Kwa hiyo kabla ya kila hatua mnapaswa kujiuliza kama kile kinachokaribia kufunikwa kimekaguliwa na mtu aliyeinama au aliyepanda ngazi akakiona kwa macho yake. Mkiweka vigae leo, kisha mwakani mkagundua kwamba bomba la maji linavuja chini ya sebule, mtavunja vigae vyenu wenyewe, na mtamlipa fundi yule yule kuvirudisha.

Hatua ya kwanza haina nyundo wala saruji. Chukueni daftari, penseli na futi, mzunguke nyumba nje na ndani mkiandika mnachokiona. Anzeni na ule unyevu wa urefu wa goti. Simameni nje ya ukuta ulioathirika, mpime udongo wa nje umefika wapi ukilinganisha na sakafu ya ndani. Nyumba nyingi za miaka hiyo zilijengwa zikiwa zimeinuka vizuri, lakini baada ya miaka hamsini ya kumwaga kifusi, kufagia uchafu kuelekea ukutani na kusakafia ua, ardhi ya nje hupanda mpaka ikalingana na sakafu au ikaipita, na hapo ukuta hunyonya maji kama utambi wa taa. Ikiwa ndivyo, tiba yake ya kwanza ni sepetu: chimbeni mshushe udongo hadi uwe chini ya sakafu kwa sentimita 15 hivi, kisha mtengeneze mteremko unaopeleka maji mbali na nyumba. Hakuna rangi ya kuzuia unyevu, hata iwe ya bei gani, itakayoshinda udongo ulioegemea ukuta.

Kama udongo wa nje uko chini na unyevu bado upo, bandikeni kipande cha karatasi ya alminiamu ya jikoni ukutani, mzibe kingo zake zote kwa utepe, mkiache siku mbili. Matone yakionekana upande ulioelekea ukuta, maji yanatoka ndani ya ukuta wenyewe, yaani kwenye msingi au kwenye bomba. Yakionekana upande wa chumbani, tatizo ni hewa nzito ya chumba kisichopitisha upepo. Jaribio hilo ni la gharama ndogo kuliko soda, na limewaokoa watu wengi niliowashauri wasivunje kuta zisizo na kosa.

Ufa wa jikoni nao una njia yake ya kuchunguzwa. Nyufa nyembamba kama unywele zilizotapakaa kama utando wa buibui huwa ni za lipu tu. Ufa unaopanda kwa mshazari kutoka kona ya dirisha ni jambo jingine, kwa maana mara nyingi hutokana na msingi ulioshuka upande mmoja au na lenta, yaani mkanda wa zege unaopita juu ya madirisha na milango, iliyo dhaifu au isiyokuwepo kabisa. Wekeni alama ya penseli kwenye ncha zake zote mbili mkiandika tarehe, na katikati yake gundisheni kipande kidogo cha kioo chembamba kikivuka ufa. Kioo kikipasuka baada ya wiki kadhaa, nyumba bado inatembea, na kuziba ufa huo kwa lipu ni sawa na kufunga kidonda chenye mwiba ndani. Ikiwa ufa una upana wa milimita 5 au zaidi, au upo wazi zaidi juu kuliko chini, msisubiri kioo, mwiteni mhandisi wa majengo aje auone. Gharama ya ziara yake ni ndogo mno ukilinganisha na ukuta.

Baada ya uchunguzi ndipo kazi inapoanza, nayo ianze juu. Paa linalovuja litaharibu kila mtakachotengeneza chini yake. Kwa kuwa paa lenu ni la asbesto, naomba mnisikilize kwa makini. Vigae vya asbesto vikiwa vizima na havijaguswa huwa havina madhara makubwa, ila vikivunjwa, vikikatwa kwa msumeno au vikitobolewa hutoa nyuzi ndogo zisizoonekana kwa macho, ambazo mtu akizivuta humletea ugonjwa wa mapafu au saratani baada ya miaka mingi. Kwa hiyo fundi asipande akaanza kuvigonga kwa nyundo huku watoto wakicheza uani. Ziulizeni kwanza ofisi ya mazingira ya halmashauri na NEMC, baraza la taifa la mazingira, kuhusu utaratibu wa kuviondoa na mahali pa kuvitupa. Vinapong'olewa huloweshwa maji, hutolewa vizima bila kuvunjwa, hufungwa katika nailoni nene, na wafanyakazi huvaa barakoa maalumu, si kitambaa. Kwa siku hizo nyumba iwe tupu. Msivitumie tena kuezekea banda la kuku wala kuzungushia ua, jambo ambalo nimeliona mara nyingi hata likaacha kunishangaza.

Mtakapoezeka kwa bati, kumbukeni mambo mawili. La kwanza, namba ya geji husomwa kinyume: bati la geji 28 ni nene kuliko la geji 30, na kwa upepo wa bahari wenye chumvi msichukue bati jembamba kuliko la geji 28 kwa kufuata bei. La pili, asbesto ni nzito, na uzito wake ndio ulioishikilia mbao ya paa lenu kwa miaka yote hiyo. Bati ni jepesi, na upepo huliinua. Kabla ya kuezeka, kenchi zikaguliwe kama zimeliwa na mchwa, kisha zifungwe kwenye lenta kwa nondo nyembamba au waya mnene. Kazi hii yote ya juu ipangeni kati ya Juni na Septemba, maana masika huanza Machi na vuli hugonga hodi Oktoba, na nyumba isiyo na paa haiwezi kuomba mvua isubiri.

Hatua zinazofuata nazitaja kwa haraka kwa kuwa mafundi wengi wanazijua, isipokuwa mpangilio wake ndio huvurugwa. Paa likishafungwa, malizeni mambo ya msingi na nyufa, kisha mvunje kinachotakiwa kuvunjwa, kuta na lipu iliyooza, mara moja tu, ili vumbi liwe la kipindi kimoja. Baadaye waya na mabomba. Nyumba ya mwaka 1974 ambayo haijawahi kubadilishiwa waya inahitaji waya mpya wote, si kuongezewa soketi kwenye waya wa zamani, na kazi hiyo ifanywe na fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji. Waya wa milimita za mraba 1.5 ni wa taa, wa 2.5 ni wa soketi, na jiko la umeme lina waya wake mnene peke yake. Mhakikishe waya wa erth, ule wa kupeleka umeme uliovuja ardhini, upo kila mahali. Kabla ya lipu kupigwa, pitieni chumba kwa chumba mkipiga picha za kuta zikiwa wazi, futi ikiwa imewekwa ukutani, ili siku mtakapotaka kutundika kabati mjue bomba limepita wapi.

Kisha lipu, kisha dari, kisha fremu za madirisha, kisha vigae, kisha milango, na rangi ya mwisho ndiyo ifunge mlango. Bafuni kuna kituo cha ziada ambacho nilijifunza kwa kulipa. Miaka michache iliyopita nilikarabati bafu la nyumba yangu mwenyewe, na kwa kuwa wageni wa harusi walikuwa njiani, niliruhusu vigae viwekwe siku ileile sakafu ilipokauka. Mwezi haukuisha ukuta wa chumba cha kulala ulioko nyuma yake ukaanza kutoa jasho, na nikavunja meta sita za mraba za vigae vyangu ili kufikia kiungo kimoja cha bomba kilichokosa gundi. Tangu hapo sijaruhusu bafu lolote lisilokaa na maji: zibeni tundu la kutolea maji, mwage maji yafike kina cha sentimita tatu au nne, wekeni alama ukutani, na mrudi baada ya saa 24. Maji yakishuka kuliko yale yanayokaushwa na hewa, kuna njia yanayopita, na ni bora muitafute kabla ya kigae.

Kuhusu fedha pungufu, siri yake ni kujua mahali pa kukatia kazi. Nyumba inaweza kusubiri kwa usalama baada ya paa na mifereji kukamilika, na inaweza kusubiri tena baada ya lipu. Haiwezi kusubiri ikiwa nusu imeezuliwa au waya zinaning'inia. Tengeni pia sehemu ya tano ya bajeti kwa yale msiyoyaona sasa, maana nyumba ya zamani lazima itawaonyesha jambo. Rangi na vigae vinaweza kukaa hata miaka miwili. Sebule isiyo na vigae haijawahi kumwangukia mtu.

Mnaweza kuishi humo, isipokuwa siku za kuondoa asbesto, kwa sharti kwamba kazi ya ndani iende vyumba viwili viwili na choo kimoja kibaki kinafanya kazi wakati wote. Pia pitieni halmashauri: kupaka rangi hakuhitaji kibali, lakini kubadilisha kuta, kuongeza chumba au kugusa muundo wa nyumba kunahitaji.

SWALI: Assalamu alaykum. Nyumba yetu ya ghorofa mbili imo Mji Mkongwe, Unguja, tangu zama za babu. Mwaka jana tuliitoa lipu ya zamani ya ukuta wa chini tukapiga ya saruji. Sasa imetuna, inadondoka vipande, na kwenye kuta kunatoka unga mweupe. Fundi anasema tuongeze saruji iwe nene. Vilevile sakafu ya ghorofa ya kwanza imebonyea upande mmoja. Hatua zake ni hizohizo za nyumba nyengine?
Msomaji, Zanzibar

JIBU: Waalaykumu ssalaam. Mpangilio wa kutoka juu kushuka chini ni uleule, lakini vifaa ni vyengine kabisa, na saruji ndiyo adui wa nyumba hiyo. Ukuta wenu ni wa mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa na udongo, una unene wa nusu mita au zaidi, na umezoea kunywa unyevu na kuutoa. Lipu ya chokaa huuacha unyevu upite. Saruji huufungia ndani, na maji yanapotafuta njia hubeba chumvi iliyomo katika mawe na mchanga, ambayo hukauka nyuma ya lipu na kuisukuma. Unga mweupe mnaouona ndiyo chumvi yenyewe. Saruji nene zaidi itakaa muda kidogo zaidi, kisha itaanguka na kipande kikubwa zaidi cha jiwe.

Itoeni saruji yote kwa patasi na nyundo ndogo, bila kupiga kwa nguvu kiasi cha kuvunja matumbawe. Uacheni ukuta wazi miezi kadhaa upumue, na chumvi iondoeni kwa brashi kavu, kwa sababu mkiiosha kwa maji inarudi ndani. Ndipo mpige lipu ya chokaa iliyolowekwa muda mrefu ikaiva, kwa kipimo cha sehemu moja ya chokaa na tatu za mchanga usio wa pwani, tabaka jembamba juu ya jingine, kila moja likifunikwa kwa gunia la maji siku kadhaa lisikauke kwa pupa. Malizieni kwa chokaa ya kupaka. Rangi ya plastiki juu ya lipu hiyo itawarejesha mlikotoka.

Sakafu iliyobonyea inatangulia mambo yote haya. Boriti za mikoko huoza kwenye ncha zake, pale zinapoingia ukutani na kukutana na maji ya paa, huku katikati zikionekana nzima, na zikioza mzigo wote hukaa mahali pasipostahili. Ondoeni makabati na vitu vizito, kisha mtege nguzo kabla ya kufungua chochote, na nguzo hizo zishuke mpaka ardhini, si kuishia kwenye sakafu ya chini yake. Msikubali kumwaga zege mahali pa boriti, maana kuta za chokaa hazikujengwa kubeba uzito huo. Mnakumbuka kwamba sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la mwaka 1883, iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020 likiwa katika ukarabati, na watu wakafariki. Jengo la zamani halidhoofiki kwa kukaa tu. Huweza kudhoofika zaidi pale linapofunguliwa. Mji Mkongwe umo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000, hivyo hata badiliko la dirisha lina kibali chake. Nendeni kwenye Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe kabla ya kununua hata ndoo moja ya chokaa, na muulize huko mafundi wanaoijua kazi hiyo.

SWALI: Mimi ni mwanamke wa Kitanzania ninayefanya kazi Muscat. Nakarabati nyumba ya mama Temeke, na kaka yangu ndiye msimamizi. Fundi anasema kazi imefika asilimia 90 na anadai salio, lakini picha ninazotumiwa ni za rangi ya sebuleni tu. Nifanyeje bila kuleta ugomvi katika familia?
Msomaji, Muscat

JIBU: Dada yangu, asilimia si kipimo cha kazi ya ujenzi, kwa kuwa hakuna anayeweza kuihesabu. Badala ya kubishana kama ni 90 au 60, mtumie kaka yako orodha ya vitu vinavyohesabika: soketi ngapi zimewekwa, mabomba yamejaribiwa lini, chemba ngapi zina mfuniko, milango mingapi inafunga. Kila kitu kiambatane na picha, na vile vilivyokwisha kufunikwa viambatane na picha za kabla ya kufunikwa. Kama hazipo, mwombe akupigie simu ya video akiwa amefungua mabomba yote, kisha akiwa ameyafunga na tangi limewekwa alama ya kiwango cha maji, halafu akupigie tena asubuhi kabla ya mtu yeyote kuchota. Hilo si kumshuku kaka, na mweleze hivyo waziwazi. Unamkinga asije akalaumiwa kwa kazi ambayo hakuifanya yeye.

Kwa kazi iliyobaki, tenganisha fedha ya vifaa na fedha ya ufundi. Vifaa vilipe dukani moja kwa moja, risiti itumwe kwako, na ufundi ulipwe hatua ikikamilika na kukaguliwa, si ikikaribia. Bakiza sehemu ya kumi ya fedha ya ufundi mpaka mvua kubwa moja ipite juu ya bati. Makubaliano hayo yaandikwe hata kama ni karatasi moja, yatiwe saini mbele ya serikali ya mtaa. Fundi mwaminifu hatakasirika, kwa sababu karatasi hiyo humlinda pia dhidi ya mteja anayeongeza chumba katikati ya kazi kwa bei ileile.

SWALI: Lipu mpya ikae muda gani kabla ya rangi? Fundi anasema huku kwetu Dodoma siku nne zinatosha kwa sababu ya jua.
Msomaji, Dodoma

JIBU: Siku nne hazitoshi. Jua la Dodoma hukausha uso wa lipu tu, na lipu iliyokaushwa upesi hupasuka kabla haijakomaa. Kwa wiki nzima ya kwanza imwagilieni maji asubuhi na jioni, kisha iachwe hadi itimize siku 28 hivi tangu ilipopigwa, na rangi ya mafuta ipewe muda zaidi kuliko ya maji. Ile karatasi ya alminiamu niliyomweleza ndugu wa Tanga itawaambia kama ukuta uko tayari. Na mkigonga lipu kwa sarafu ikalia kama debe tupu, pana uwazi nyuma yake: hapo patolewe pakandikwe upya fundi angali yupo kazini.